Meza Yetu: Kitoweo cha kunyunyiza alichokibuni mfamasia

Mkono mtupu haulambwi, na wali mtupu nao hauliki kwa raha. Hili analijua kila mama aliyewahi kupakua wali jioni hali sufuria ya mchuzi haina kitu. Watoto huitazama sahani, wakamtazama mama, kisha huanza kuuchokora wali kana kwamba kuna kitu kilichofukiwa humo ndani. Hatimaye mmoja wao huuliza, "Mama, tunaula na nini?"

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Mtoto anayekula wali mtupu leo, kesho na keshokutwa hulijaza tumbo lake, lakini mifupa, meno na damu yake hubaki na njaa. Na njaa ya aina hiyo haipigi kelele, ndiyo maana wazazi wengi hawaioni mpaka imeshafanya madhara.

Wapenzi wasomaji, Jumapili hii hebu tusafiri hadi Japani, nchi ambayo wali umekuwa ndio chakula hasa, kiasi kwamba neno lao moja, gohan, lina maana ya wali na pia maana ya mlo wenyewe. Wajapani nao walikutana na swali la mtoto huyo, na mojawapo ya majibu yao ni kitu kidogo mno, kikavu, kinachokaa ndani ya pakiti au chupa na kunyunyizwa juu ya wali wa moto. Wao hukiita furikake, neno linalotokana na kitenzi chenye maana ya kunyunyizia kitu juu ya kingine.

Pakiti ina nini?

Ukiifungua pakiti ya furikake ya kawaida utaona vipande vyeusi vya mwani mkavu uitwao nori, mbegu za simsim zilizokaangwa, pengine chembe za manjano za yai lililokaushwa, na vipande vya samaki mkavu. Hutiwa pia chumvi, sukari kidogo na sosi ya soya iliyogeuzwa kuwa unga.

Samaki huyo aghalabu ni wa jamii ya jodari. Huchemshwa, akatolewa mifupa, kisha akafukizwa moshi tena na tena na kukaushwa hadi akawa mgumu kama gogo. Ndipo hukwanguliwa kwa chombo kinachofanana na randa ya seremala, na maranda yake ni mepesi hata ukiyaweka juu ya chakula cha moto huonekana yakicheza kwa mvuke.

Kuna jambo moja ambalo mpishi wa kwetu anafaa kulifahamu mapema. Wajapani huupika wali wao wa kila siku bila chumvi, bila mafuta na bila nazi. Wali huo hutoka mweupe, wenye kushikana, na hauna ladha kali ya kwake. Furikake ilitengenezwa kwa ajili ya wali wa namna hiyo. Anayeinyunyizia wali wa nazi uliokwisha kutiwa chumvi atakula chumvi maradufu na kusema kwamba Wajapani hawajui kupika.

Wali mweupe na balaa lake

Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Kitoweo hiki kilizuka katika nchi iliyokuwa imekwisha kuonja ubaya wa wali mweupe unaoliwa peke yake.

Mpunga ukikobolewa na mchele ukasuguliwa hadi ukawa mweupe pepe, pumba huondoka, na pamoja nayo huondoka vitamini B1. Katika karne ya 19 Wajapani wengi, hasa wa mijini na wa majeshini, waliuona mchele mweupe kuwa ni fahari. Wakaula kwa wingi na vitoweo vichache. Matokeo yake yakawa ugonjwa wa beriberi, unaofisha ganzi miguu, unaovimbisha mwili na kuuchosha moyo hadi mtu akafa.

Mwaka 1882 meli ya kivita iitwayo Ryujo ilianza safari ndefu ya mafunzo. Kati ya mabaharia wake 376, watu 169 walishikwa na beriberi na 25 wakafa. Daktari wa jeshi la wanamaji, Takaki Kanehiro, aliyekuwa amesomea Uingereza, alishuku kwamba chanzo kilikuwa chakula. Mwaka 1884 aliishawishi serikali itume meli nyingine, Tsukuba, ipitie njia ile ile lakini mabaharia wapewe nyama, maziwa, mkate na mboga zaidi. Safari hiyo hakufa hata mtu mmoja kwa beriberi.

Takaki alidhani kilichopungua ni protini, na hapo hakupata. Ila tiba yake ilikuwa sahihi, na baadaye wanamaji wakawa wanachanganyiwa shayiri katika wali wao. Jeshi la nchi kavu lilikataa kumsikiliza, na katika vita na Urusi vya 1904 na 1905 maelfu ya askari wake walikufa kwa ugonjwa huo. Mnamo 1910 mwanasayansi Suzuki Umetaro alifaulu kutoa katika pumba za mchele kile kitu chenye kuzuia beriberi.

Kwa hivyo kufikia mwanzo wa karne ya 20, Japani ilikuwa imejifunza kwa machozi kwamba mtu anaweza kushiba wali na bado akafa kwa kukosa chakula.

Mfamasia wa Kumamoto

Katika miaka iliyofuata, kati ya 1912 na 1926, aliishi mfamasia mmoja aitwaye Suekichi Yoshimaru katika eneo la Kumamoto, kisiwani Kyushu, kusini mwa nchi hiyo. Jambo lililomsumbua Yoshimaru lilikuwa upungufu wa madini ya kalsiamu miongoni mwa Wajapani. Kalsiamu ndiyo inayojenga mifupa na meno. Sisi huipata kwa urahisi katika maziwa, lakini Wajapani wa wakati huo hawakuwa watu wa kunywa maziwa sana.

Samaki walikuwepo tele, na mifupa ya samaki imejaa kalsiamu. Lakini nani atakayekaa chini atafune mifupa? Mfamasia akafanya kile ambacho wafamasia hukifanya kila siku. Aliisaga mifupa ikawa unga. Na kwa kuwa alijua hakuna atakayependa unga wa mifupa mitupu, aliuchanganya na simsim iliyokaangwa na mwani wa nori ili uwe na harufu na utamu. Kisha akawaambia watu waunyunyizie wali.

Kitoweo hicho kiliitwa Gohan no Tomo, yaani rafiki wa wali. Kinatengenezwa mpaka leo huko huko Kumamoto na kampuni iitwayo Futaba, na Wajapani wengi hukitaja kuwa ndicho mzazi wa furikake zote.

Ningependa tutue hapa kidogo. Yoshimaru hakuwatangazia watu kwamba waache wali. Wala hakuwafungulia duka la vidonge ambavyo wengi wasingeweza kununua. Aliangalia chakula ambacho mtu angekila hata hivyo, tajiri kwa maskini, mtoto kwa mzee, akaitia dawa yake mle mle ndani ya utamu. Mama yeyote aliyewahi kumfichia mtoto mchicha ndani ya viazi vya kuponda ataitambua hekima hiyo bila kufundishwa.

Watoto wakainyakua

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia furikake iligeuka kuwa bidhaa ya viwanda vikubwa. Mwaka 1960 kampuni ya Marumiya ilitoa aina iitwayo Noritama, mchanganyiko wa mwani na yai. Siku hizo yai halikuwa chakula cha kila asubuhi kwa kila mtu, na watoto wakaipenda mno. Mwaka 1963 kampuni hiyo ilifadhili kipindi cha katuni cha televisheni kilichoitwa 8 Man, na vibandiko vya shujaa wake vikatumiwa kuwavutia wateja wadogo. Wazazi wa Kenya wanaoburutwa dukani na mtoto anayetaka biskuti kwa sababu ya picha iliyo ndani, wajue kwamba mbinu hiyo ina umri mkubwa kuliko wao!

Mwaka 1970 kampuni ya Mishima, ya Hiroshima, ilileta Yukari, furikake ya zambarau inayotengenezwa kwa majani ya shiso, mmea ulio wa jamii moja na mrehani. Hiyo ina ukali wa chachu na haitegemei samaki. Na kwa kuwa kitoweo hiki kilikuwa kimekwisha kuchukuliwa kuwa ni cha watoto na vikebe vyao vya chakula cha shule, mwaka 1989 kampuni ya Nagatanien iliamua kuwapa wazazi haki yao. Ilitoa aina ambayo jina lake, Otona no Furikake, maana yake ni furikake ya watu wazima.

Mwanamke aliyeuokoa mwani

Tusiupite ule mwani mweusi bila kumtaja mwanamke mmoja. Kathleen Drew-Baker alikuwa mtaalamu wa mimea katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza. Alipoolewa mwaka 1928 alipoteza kazi yake ya uhadhiri kwa sababu chuo hicho hakikuwaajiri wanawake walioolewa. Akaendelea na utafiti bila mshahara.

Miaka hiyo wakulima wa nori wa Japani walikuwa wakilima kwa kubahatisha. Hawakujua mbegu za mwani hutoka wapi wala hukaa wapi msimu wa joto, na baada ya vita mavuno yalikuwa yameporomoka. Mwaka 1949 Drew-Baker aliandika katika jarida la sayansi la Nature kwamba mwani wa jamii hiyo, katika sehemu moja ya maisha yake, hujificha ndani ya makombe ya wanyama wa baharini na kuonekana kama kiumbe tofauti kabisa. Wajapani wakaichukua elimu hiyo, wakaanza kuotesha miche ya nori ndani ya makombe ya chaza, na kilimo kikasimama tena.

Mama huyo aliaga dunia mwaka 1957 bila kufika Japani. Mwaka 1963 wakulima walimjengea mnara wa kumbukumbu huko Uto, katika mkoa ule ule wa Kumamoto alikotoka mfamasia wetu, na kila Aprili humkumbuka kwa sherehe. Wanamwita Mama wa Bahari.

Kwa nini chembe chache zatosha?

Huenda unajiuliza inawezekanaje kijiko kimoja cha unga kiupe ladha wali wa bakuli zima. Jibu lilipatikana mwaka 1908. Profesa Ikeda Kikunae wa Tokyo alichunguza supu ya mwani aina ya kombu akatoa ndani yake kitu kiitwacho glutameti. Alisema ladha yake si ya utamu wa sukari, si ya chumvi, si ya uchachu wala ya uchungu, akaiita umami. Ndiyo ile ladha inayokufanya ulambe vidole baada ya mchuzi wa nyama uliochemka polepole, au nyanya zilizoiva na kukaangwa barabara.

Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Kodama Shintaro, aligundua kwamba yule samaki mkavu ana kitu kingine chenye ladha ya aina hiyo, kiitwacho inosineti. Tena imethibitika kwamba viwili hivyo vikikutana, ladha huongezeka mara nyingi kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Sasa utaona kwa nini mwani na samaki wamewekwa nyumba moja.

Tahadhari

Hata hivyo, si kila king'aacho ni dhahabu. Furikake ya viwandani ya leo si lazima iwe dawa ile ya Yoshimaru. Aina nyingi hutengenezwa kwanza kwa ajili ya ladha. Soma kibandiko. Vitu huorodheshwa kulingana na uzito wake, kile kingi kikitangulia. Ukiona chumvi na sukari ndizo zilizokaa mbele, jua unanunua chumvi na sukari zilizorembwa.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai. Wajapani wenyewe hula karibu maradufu ya kiasi hicho, na wataalamu wao wa afya wamekuwa wakipambana na jambo hilo kwa miaka mingi. Mwenye shinikizo la damu aijongelee furikake kwa hadhari. Aidha samaki, yai, simsim na soya ni miongoni mwa vyakula vinavyowadhuru watu wenye mzio, kwa hivyo usimnyunyizie mtoto wa mwenzio kabla ya kuuliza.

Jambo la pili ni kiasi. Pakiti ndogo ya kutumia mara moja ina gramu mbili au tatu tu. Haiwezi kuwa badala ya maharagwe, mboga, yai au maziwa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hakijazwi siku moja.

Na sisi je?

Wazo la kuongezea lishe katika chakula kinacholiwa tayari si geni nchini. Chumvi yetu hutiwa madini ya joto, na tangu 2012 sheria imewataka wenye viwanda vya unga wa mahindi na ngano kuutia vitamini na madini. Tena kuna unga wa virutubishi unaofungwa katika pakiti ndogo na kunyunyiziwa chakula cha mtoto wa miezi 6 hadi 23, hasa kwa ajili ya kuzuia upungufu wa damu. Unga wa namna hiyo ulianzishwa miaka ya 1990 na daktari Stanley Zlotkin wa Toronto, Kanada. Mwishoni mwa miaka ya 2000 wanawake wa vikundi vya Nyando, karibu na Kisumu, waliuuza nyumba kwa nyumba. Unga huo haukutokana na furikake, lakini fikira ni ile ile ya mfamasia wa Kumamoto. Mwenye mtoto wa umri huo na aulize kliniki.

Kwa watoto wakubwa na watu wazima, mama anaweza kujitengenezea rafiki wa wali kwa vitu vya sokoni. Ufuate utaratibu huu:

Chukua kikombe kimoja cha omena wakavu, ama dagaa ukiwa Pwani. Wachague, uwakate vichwa na utoe matumbo ili uchungu upungue, kisha uwaoshe mara kadhaa hadi mchanga uishe. Waanike wakauke kabisa. Uti wa mgongo uache, maanake kalsiamu imo mifupani.

Wakaange bila mafuta katika sufuria nzito, moto mdogo, ukikoroga, hadi ukimvunja mmoja alie kau! Waepue wapoe.

Kaanga nusu kikombe cha simsim isiyokobolewa vivyo hivyo hadi ianze kurukaruka na kunukia. Usiondoke jikoni, kwani simsim huungua kufumba na kufumbua. Isiyokobolewa ndiyo bora, kwa kuwa kalsiamu yake nyingi imo kwenye ganda.

Watwange omena kinuni wawe unga mwororo usiobakisha miiba. Simsim itwange nusu tu ili ibaki na chembe. Changanya, tia robo kijiko cha chai cha chumvi, na anayependa aongeze pilipili kavu kidogo. Weka ndani ya chupa kavu yenye kifuniko kinachokaza, uimalize katika muda wa wiki moja hivi. Adui mkubwa ni unyevu. Ukisikia harufu ya kuvunda au kuona ukungu, tupa bila huruma.

Siku hiyo upike wali bila chumvi, au kwa chumvi kidogo sana, halafu kila mmoja anyunyizie kijiko kimoja cha chai kwenye sahani yake. Unafaa pia juu ya viazi, muhogo wa kuchemsha na hata ugali wa moto.

Harufu haitakuwa ya Kumamoto, bali ya ziwa letu au ya bahari yetu. Mwani wa nori haumo, na mwani unaolimwa na akina mama wa Kibuyuni huko Kwale si wa aina hiyo, kwa hivyo usiende kuuchuma ukautia. Lakini dawa aliyoikusudia Yoshimaru, yaani mifupa ya samaki na simsim, imo yote, tena kwa fedha kidogo kuliko pakiti iliyovuka bahari.

Ukitoa chupa hiyo mezani, usiwahubirie watoto habari za kalsiamu. Waachie wanyunyize wenyewe, kwa vidole vyao, kila mmoja apimie sahani yake. Mtoto hula kwa hamu kile alichokitia mkono. Na atakapouliza wali unaliwa na nini leo, utakuwa na jibu.

Hadi Jumapili ijayo tukijaliwa, nawatakia mlo mwema.